Louis Kniffler: Mjerumani Aliyefungua Biashara Japani Chini ya Kivuli cha Mholanzi

Katika kazi yetu ya kutunza na kueleza nyaraka za biashara za kale, swali linalorudi mara nyingi ni hili: ilikuwaje wafanyabiashara kutoka Ulaya wakafika pwani za mbali, wakapewa ardhi, wakajenga maghala na kukaa, ilhali wenyeji wao hawakuwaalika? Jibu moja halitoshi, lakini maisha ya Louis Kniffler yanatufikisha mbali. Ndiye aliyeanzisha nyumba ya kwanza ya biashara ya Kijerumani nchini Japani, na alipoianzisha hakuwa na ruhusa yoyote iliyoandikwa kwa jina la nchi yake.

Kniffler alizaliwa mwaka 1827 katika mji wa Wesel, kando ya mto Rhein, uliokuwa chini ya ufalme wa Prussia. Alijifunza biashara, na mwanzoni mwa miaka ya 1850 akaenda Batavia, mji tunaouita leo Jakarta, uliokuwa makao ya utawala wa Waholanzi katika visiwa vya Indonesia. Huko ndiko alikopata ujuzi wa masoko ya Asia, na huko ndiko alikozoea kuishi na Waholanzi na kufuata taratibu zao. Mazoea hayo yalikuja kumfaa kuliko mtaji. Mwaka 1859 alifika Nagasaki akiwa na mwenzake kijana, Gildemeister, mwenyeji wa Bremen, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo wakafungua kampuni ya L. Kniffler & Co.

Tarehe hiyo haikuwa ya kubahatisha. Ndiyo siku ambayo bandari za Nagasaki, Kanagawa na Hakodate zilifunguliwa rasmi kwa mikataba ambayo Japani ilitia saini mwaka 1858 na Marekani, Uholanzi, Urusi, Uingereza na Ufaransa. Hesabu mataifa hayo: ni matano. Prussia haimo. Bremen na Hamburg hazimo. Wakati huo Ujerumani haikuwa dola moja, bali mkusanyiko wa falme, tawala za kitemi na miji huru zaidi ya 30, kila moja na bendera yake. Raia wa nchi yoyote kati ya hizo hakuwa na haki ya kukanyaga Nagasaki na kufungua ghala.

Kniffler alifanya nini basi? Alijiweka chini ya ulinzi wa Waholanzi. Mbele ya wakuu wa Nagasaki alihesabiwa kuwa mtu wa Uholanzi, na konseli, yaani balozi mdogo, wa Uholanzi ndiye aliyemdhamini.

Hila hiyo ilikuwa na umri wa karne mbili. Tangu mwaka 1641 Waholanzi ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara na Japani, tena wakifungiwa Dejima, kisiwa kidogo cha kujengwa kwa mikono ndani ya bandari ya Nagasaki, chenye umbo la upepeo uliofunguliwa. Upande wake mrefu ulikuwa kama mita 120 na upana wake kama mita 75. Daraja moja tu ndilo lililokiunganisha na mji, na lango lake lililindwa usiku na mchana. Wajerumani kadhaa walipita lango hilo wakiwa wameajiriwa na Waholanzi. Daktari Engelbert Kaempfer wa Lemgo alikaa hapo kati ya 1690 na 1692. Daktari Philipp Franz von Siebold alifika mwaka 1823, na wakalimani wa Kijapani, ambao Kiholanzi walikijua vizuri, wakashtuka kumsikia akikitamka vibaya. Wakaelezwa kwamba huyu ni Mholanzi wa milimani. Aliyeona Uholanzi kwa macho anajua hakuna milima huko. Wakalimani hawakuiona, wakaridhika.

Hata kabla ya Kniffler alikuwepo Mjerumani mwingine aliyejaribu kuingia bila kivuli cha mtu. Mwaka 1855 Friedrich August Lühdorf alifika Shimoda akiwa msimamizi wa shehena katika meli ndogo ya Kijerumani iliyoitwa Greta. Meli hiyo ikakodiwa kuwarudisha kwao mabaharia wa Kirusi ambao meli yao, Diana, ilikuwa imeharibiwa na tsunami ya Desemba 1854. Urusi na Uingereza zilikuwa vitani wakati huo kwa ajili ya Crimea, na manowari ya Kiingereza ikaikamata Greta njiani pamoja na Warusi waliokuwamo. Lühdorf mwenyewe alikuwa amebaki Shimoda na bidhaa zake. Alikaa Japani miezi kadhaa, akauza alichoweza, na akawaomba wakuu wa Kijapani wawafungulie Wajerumani mlango. Akajibiwa kwamba nchi yake haina mkataba. Tukiweka kisa hiki kando ya kile cha Kniffler tunaona tofauti yao haikuwa ujasiri. Lühdorf aligonga mlango kwa jina lake. Kniffler aliingia nyuma ya mtu ambaye mlango ulikwisha kumfungukia.

Tuingie sasa ndani ya ghala, maana biashara huonekana vizuri zaidi kwenye mizani kuliko kwenye hotuba.

Fedha iliyotumika ilikuwa dola ya fedha ya Meksiko, sarafu nzito ya gramu 27 hivi iliyozunguka bandari zote za Asia ya mashariki, kama ambavyo riale ya Maria Theresa ilivyozunguka pwani yetu na bara yake. Nyumba kubwa za biashara zilimweka Mchina mwenye kazi moja tu ya kukagua sarafu. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigonga kwa sarafu nyingine na kusikiliza mlio wake. Ikilia vizuri na kwa muda, ni fedha. Ikitoa sauti ya kufa, imechanganywa risasi au shaba. Sarafu iliyopita mikono ya wakaguzi wengi ilijaa alama za mihuri midogo mpaka sura ya tai ya Meksiko ikafutika.

Wachina hawakuwa wakaguzi wa sarafu peke yao. Mara nyingi waliongoza mazungumzo yote, ingawa wengi wao hawakusema Kijapani. Walikuwa na njia yao: kwa kuwa Wajapani walioelimika walisoma herufi za Kichina, mnunuzi na muuzaji walikaa pamoja na brashi na wino, huyu akaandika bei, yule akaandika jibu, na biashara ikamalizika bila neno kutamkwa. Mzungu mwenye kampuni alikaa pembeni akisubiri kuelezwa. Tunapomwita Kniffler mwanzilishi tusisahau kwamba mazungumzo yaliyompatia shehena yake yalipita kwenye brashi za watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye ubao wa kampuni.

Bidhaa zenyewe zitamshangaza kidogo msomaji wa pwani, kwa sababu anazifahamu. Nagasaki ilikuwa tangu zamani ikiwapelekea Wachina jongoo bahari waliokaushwa, mapezi ya papa na mwani, na nyumba za kigeni zikajiunga na biashara hiyo ya Shanghai. Ilitoa nta ya mimea, inayokamuliwa katika tunda dogo la mti unaoitwa haze, na nta hiyo ilitengenezewa mishumaa. Ilitoa chai. Na ilitoa kafuri, ambayo sisi tunaiita karafuumaiti, tunayoijua kwa harufu yake siku ya kumtengeneza marehemu. Kafuri ya Kijapani ilitokana na magogo ya mkafuri yaliyokatwakatwa vipande vidogo na kupikwa kwa mvuke, mpaka ule mvuke unapopoa ukaacha chembe nyeupe. Ulaya ilitumiwa kwa dawa na kufukuzia nondo, na baadaye ikawa mali muhimu ya viwanda, kwani bila kafuri plastiki ya kwanza kuenea, seluloidi, isingetengenezeka.

Upande wa kuingiza, vilikuja vitambaa vya pamba na sufu, chuma, vioo, dawa, na silaha. Nagasaki ya miaka ya 1860 iliuza bunduki na meli kwa mabwana wa mikoa ya kusini, Satsuma na Chōshū, waliokuwa wakijiandaa kupambana na serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani. Mskoti Thomas Glover ndiye aliyejulikana zaidi katika biashara hiyo, lakini nyumba za Kijerumani nazo zilishiriki. Hili lazima lisemwe waziwazi. Urafiki wa kibiashara unaosifiwa siku za maadhimisho ulipata sehemu ya mtaji wake kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wajapani.

Kuna jambo la miezi ya kwanza ambalo wanafunzi wa uchumi wangepaswa kulifahamu kwa moyo. Ndani ya Japani, dhahabu ilibadilishwa kwa fedha kwa uwiano wa takriban 1 kwa 5. Duniani kwingine ilikuwa takriban 1 kwa 15. Mikataba ya 1858 iliruhusu sarafu za kigeni zibadilishwe kwa za Kijapani uzito kwa uzito. Basi mgeni aliyekuja na dola 100 za Meksiko alipewa sarafu za fedha ziitwazo ichibu 311. Ichibu 4 zilinunua koban moja, sarafu ya dhahabu yenye umbo la yai. Akapata koban 77. Akipanda meli hadi Shanghai, kila koban ilimpa kama dola 4, na dola zake 100 zikawa karibu 300. Hakulima, hakufuma, hakubeba hata gunia moja.

Wageni walisahau chai na nta, wakakimbilia koban. Serikali ya shogun ikaziba pengo hilo mwaka 1860 kwa kupandisha thamani ya dhahabu na kutoa koban mpya, ndogo, ya gramu 3.3 hivi, wakati zile za awali zilikuwa na gramu 9 hadi 11. Dhahabu ikaacha kukimbia, lakini fedha mkononi mwa Mjapani wa kawaida ikapungua nguvu, bei ya mchele ikapanda, na samurai, yaani askari wa kurithi, wa vyeo vya chini walioishi kwa posho isiyobadilika wakaumia. Chuki iliyowaka dhidi ya wageni miaka ile ilikuwa na hoja zake za siasa na heshima, lakini ilikuwa pia na jungu lisilo na mchele wa kutosha.

Chuki hiyo ndiyo iliyoupokea ujumbe wa Prussia. Septemba 1860 Count Friedrich zu Eulenburg aliingia Edo, ambayo sasa ni Tokyo, kwa manowari Arcona. Mwanzo wake ulikuwa msiba: meli ndogo ya msafara, Frauenlob, ilimezwa na kimbunga karibu na Yokohama na mabaharia wake wote. Mazungumzo yakachukua miezi. Eulenburg alitaka mkataba mmoja kwa ajili ya Prussia, nchi za umoja wa forodha wa Kijerumani, Mecklenburg na miji ya Hansa, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck. Wajapani walipotambua kwamba karatasi moja ingewafungulia mlango watawala zaidi ya 30, wakakataa katakata. Mmoja wa maofisa wa Kijapani walioshughulikia mazungumzo hayo, Hori Toshihiro, alijiua mwishoni mwa 1860. Kisha tarehe 15 Januari 1861 mkalimani Henry Heusken, Mholanzi wa ubalozi wa Marekani aliyekuwa ameazimwa kuwasaidia Waprussia, alivamiwa kwa panga usiku akirudi kutoka kwenye makazi ya Eulenburg, akafariki. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Januari, mkataba ulitiwa saini. Ulikuwa wa Prussia peke yake, na ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1863.

Kwa Kniffler, mtu wa Wesel, hii ilikuwa nuru. Aliacha kuwa Mholanzi wa kukopa, akaiwakilisha Prussia mjini Nagasaki. Lakini mwangalie mwenzake Gildemeister. Yeye ni wa Bremen, na Bremen imeachwa nje. Miji ya Hansa ilisubiri hadi mkataba wa Shirikisho la Ujerumani Kaskazini wa mwaka 1869, na kabla ya hapo wafanyabiashara wake walilazimika kujificha chini ya bendera ya mwingine.

Hapa ndipo historia hii inapogusa pwani yetu. Tarehe 13 Juni 1859, siku 18 tu kabla ya Kniffler kufungua ghala lake Nagasaki, Sultani Majid wa Zanzibar aliingia mkataba wa urafiki na biashara na miji hiyohiyo mitatu ya Hansa. Maana yake ni kwamba katikati ya mwaka ule mtu wa Bremen alikuwa na haki kamili ya kuuza na kununua Zanzibar, na hakuwa na haki hata ya kulala usiku mmoja Nagasaki kwa jina la mji wake. Wenzake wa Hamburg walikuwa Unguja tangu zamani kidogo. Kampuni ya O'Swald ilifungua ofisi huko mwaka 1849, na mali iliyowavutia Wahamburg kwanza ilikuwa kauri, au simbi kama wengine wasemavyo, walizozibeba hadi Afrika Magharibi zilikotumika kama fedha.

Ukiisoma mikataba ya pwani hizi mbili kwa pamoja unakuta vifungu vinavyofanana kama mapacha. Kimoja kinahusu mahakama: mgeni akikosa, anahukumiwa na konseli wake kwa sheria za kwao, wala si na kadhi wa Unguja au hakimu wa Nagasaki. Kingine kinahusu ushuru. Mkataba wa Zanzibar na Marekani wa mwaka 1833 uliufunga ushuru wa bidhaa zinazoingia kwenye asilimia 5, usizidi. Japani ilianza na viwango vya juu zaidi, lakini mwaka 1866 ikashinikizwa kukubali asilimia hiyohiyo 5 kwa bidhaa nyingi. Serikali isiyoweza kupandisha ushuru wake haiwezi kulinda mafundi wake wala kukusanya ya kujengea. Kuna kifungu cha tatu, kigumu kukiona kwa haraka: kila ahueni itakayopewa nchi nyingine itahesabiwa kuwa imepewa na hii pia. Kwa hicho, kila mkataba mpya uliwanufaisha wa zamani wote.

Sisemi haya ili kumpunguzia Kniffler sifa yake. Alikuwa mfanyabiashara hodari na mvumilivu. Kampuni yake ikafungua Yokohama, ambako hariri ilipanda bei sana kwa sababu ugonjwa wa nondo wa hariri ulikuwa umeangamiza ufugaji wa Ulaya, kiasi kwamba hata mayai ya nondo yalisafirishwa yakiwa yamebandikwa kwenye vipande vya karatasi. Kobe ilipofunguliwa mwaka 1868, ikafungua na huko. Yeye mwenyewe alirudi Ujerumani katikati ya miaka ya 1860 na kuiongoza kampuni kutoka Düsseldorf, akiwaachia washirika wake vijana kazi ya Japani.

Kisha kazi yenyewe ikabadilika. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869, na mwaka 1871 waya wa simu ya maandishi ukafika Nagasaki kupitia baharini. Zamani mfanyabiashara alinunua mali kwa fedha yake, akaituma, na kusubiri miezi bila kujua kama bei aliyoiwaza bado ipo. Sasa Düsseldorf iliweza kuuliza na kujibiwa katika siku chache. Kuanzia hapo faida haikuwa tena katika kujua bei kabla ya wengine, bali katika kuwa wakala wa kuaminika: kupokea agizo la mashine kutoka kwa serikali mpya ya Meiji iliyoshika nafasi ya shogun, kumtafuta mtengenezaji Ujerumani, kushughulikia bima na usafirishaji, na kukaa na mteja mpaka mashine ifanye kazi. Rangi za viwandani, chuma na mitambo vikachukua nafasi ya vitambaa.

Mwaka 1880 Kniffler alijitoa, na mshirika wake Carl Illies akaichukua kampuni na kuipa jina lake. C. Illies & Co. ipo hadi leo, makao yake yakiwa Hamburg, na bado inauza mitambo na teknolojia Japani. Ni wachache sana kati ya wale waliofungua maghala mwaka 1859 wanaoweza kusema hivyo.

Kniffler alifariki Düsseldorf mwaka 1888. Mikataba iliyompa nafasi yake ilikuwa bado inafanya kazi, na wanasiasa wa Kijapani walikuwa wameifanya kazi ya kuifuta kuwa lengo kuu la mambo yao ya nje. Waliandika sheria za kisasa, nyingi kwa kufuata mfano wa Ujerumani, ili wageni wasipate tena sababu ya kudai mahakama zao wenyewe. Mahakama za makonseli zilifungwa mwaka 1899, na haki ya kupanga ushuru ilirudi mikononi mwa Japani mwaka 1911.

Anayezuru Nagasaki sasa anaweza kuiona Dejima, lakini asiitafute baharini. Kazi za kupanua bandari zilijaza maji kuizunguka, na kufikia mwaka 1904 kisiwa kilikuwa kimemezwa na mji. Miongo ya karibuni majengo yake yameanza kujengwa upya kwa kufuata ramani na picha za kale, na ukingo wa upepeo ule unafuatiliwa tena chini. Tramu hupita kando yake, na abiria hushuka na kwenda zao.